Kano ya paja la ndani, ya chini ya pia ya goti au ya juu yake? Kuchagua kipandikizi cha ACL ukiwa Mombasa

Umepigwa MRI, majibu yamesema ACL, ligamenti ya katikati ya goti, imekatika, na daktari wa mifupa amekuuliza swali ambalo hukulitarajia: kano ya kutengenezea ACL mpya tuitoe wapi? Nyuma ya paja kwa upande wa ndani, chini ya pia ya goti, au juu yake? Wengi wanaotufikia na swali hili huwa wameshachagua nusu, kwa kumfuata mchezaji wa Ulaya waliyemwona kwenye simu akirudi uwanjani. Lakini magoti ya mchezaji huyo hayafanyi kazi ya magoti yako. Wewe pengine mchana unapachika vigae Nyali, unasali sala tano, na jioni uko ufukwe wa Pirates unapiga soka ya mchangani.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, sishiki kisu. Nampokea mgonjwa nyuzi zikiwa bado mbichi, naagana naye baada ya miezi mingi. Ndiyo maana ulinganisho huu utaelemea upande mmoja: kano ikishatolewa, pale ilipotoka pamebaki na upungufu gani, na mwenyewe ataishi nao vipi? Wapasuaji huzungumzia zaidi nguvu ya kipandikizi. Malalamiko ninayoyasikia mimi kliniki, sehemu kubwa yanahusu mahali kilipotolewa.

Je, ni lazima upasuliwe?

Si kila ACL iliyokatika hupasuliwa. Utafiti wa KANON, uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010, uliwagawa vijana 121 makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa mapema kisha likafanya mazoezi. La pili lilianza na mazoezi peke yake, na ruhusa ya kupasuliwa baadaye kama goti lingeendelea kuyumba. Baada ya miaka 2, wagonjwa walipoulizwa hali ya magoti yao, makundi hayakupishana kwa maana. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya kundi la pili walikuwa bado hawajapasuliwa.

Kwa hiyo kama unapanda ngazi, unateremka kwenye feri ya Likoni na kuendesha tuktuk bila goti kuchomoka, anza na miezi kadhaa ya mazoezi ya dhati. Anayehitaji kuendelea kusoma ni yule anayecheza michezo ya kugeuka ghafla, au ambaye goti linamsaliti hata akitembea, au ambaye meniskusi, ile gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, nayo imechanika na daktari anaona inashoneka.

Vigezo nilivyotumia

Kila kano nimeitazama kwa mambo manne: inatoka wapi na inaacha upungufu gani, kupiga magoti, kusujudu na kukaa chini kutakuwaje, inashika na kudumu vipi kwa anayecheza, na mazoezi yake yana ugumu gani. Kila chaguo linamalizia kwa kusema linamfaa nani.

Fedha sikuzifanya kigezo, kwa sababu tofauti kubwa ya bili hutokana zaidi na hospitali na vifaa kuliko kano yenyewe. Tangu bima ya afya ya serikali ya SHA ichukue nafasi ya NHIF mwaka 2024, waulize hospitali mapema kinacholipiwa ni kipi. Taja kabisa skrubu na kile kitufe cha chuma kinachokaa juu ya mfupa kushikilia kipandikizi: vimo ndani ya bei, au vinalipiwa kando?

Neno la kuwekana sawa: kano huunganisha msuli na mfupa, ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. ACL ni ligamenti iliyo katikati ya goti. Huzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na huzuia goti lisizunguke kupita kiasi. Tunachofanya ni kuchukua kano na kuipa kazi ya ligamenti.

Paja la ndani, na linavyoingia kwenye habari za goti

Sehemu hii wagonjwa huelezwa kidogo mno, kwa hiyo nitakaa hapa.

Misuli ya paja la ndani kazi yake kubwa ni kuvuta mguu kuelekea katikati ya mwili. Mikuu ni mitano: pektineusi, aduktori ndefu, aduktori fupi, aduktori kubwa na grasilisi. Yote huanzia chini ya fupanyonga, kwenye mfupa wa kinena na ule wa kukalia. Minne ya kwanza huishia kwenye mfupa wa paja. Grasilisi peke yake huendelea na safari: ni msuli mrefu, mwembamba, unaoteremka karibu na ngozi, ukavuka goti na kushika ugoko kwa upande wa ndani, vidole vichache chini ya goti. Kwa kuwa unavuka nyonga na goti, unasaidia kote kuwili: unabana mapaja, unakunja goti na kuuzungusha ugoko kwa ndani.

Unaweza kuupapasa sasa hivi. Kaa kitini, bana kisigino kwenye mguu wa kiti kana kwamba unakivuta nyuma, kisha gusa nyuma ya goti upande wa ndani. Utakuta kamba mbili zimesimama. Ile nene inayojitokeza zaidi ni kano ya semitendinosi. Nyembamba, iliyo upande wa ndani zaidi, ni ya grasilisi. Semitendinosi yenyewe ni msuli wa nyuma ya paja, kundi la hamstringi ambalo kila mkimbiaji analijua kwa maumivu yake. Ila kano yake hukunjia upande wa ndani na kuishia jirani na grasilisi, zote mbili zikifunikwa na utando wa msuli wa sartori. Misuli hii mitatu inakutana mahali pamoja lakini kila mmoja una neva yake: sartori hutumia neva ya paja, grasilisi neva ya obturata, semitendinosi neva ya siatiki. Daktari akichukua kano mbili hapo, amegusa makundi mawili tofauti ya misuli kwa mkato mmoja.

Neva ya obturata hutoka pingili ya pili hadi ya nne ya kiuno, ikifika pajani hugawanyika na kuipita aduktori fupi mbele na nyuma. Tawi lake hufika hadi gotini. Ndiyo sababu ugonjwa wa nyonga huweza kujitangaza kama maumivu ya goti, na mtoto anayelia goti huku goti lenyewe halina kitu anatakiwa apimwe nyonga siku hiyo hiyo. Hilo halihusu ACL, lakini nimelisema kwa sababu linasahaulika.

Katikati ya misuli hii kuna njia inayoitwa mfereji wa aduktori. Ateri kuu ya paja hupita humo, kisha hupenya tundu la aduktori kubwa na kutokea nyuma ya goti. Ndani ya mfereji hupita pia neva ya safena, ambayo kazi yake ni kuhisi tu, haiendeshi msuli wowote. Wataalamu wa usingizi huutumia mfereji huu kwa faida yako: ganzi ikipigwa hapo hupunguza maumivu baada ya upasuaji na huiachia misuli ya mbele ya paja nguvu zaidi kuliko ganzi ya kinena. Uliza kama watakupa. Lakini neva hiyo hiyo ya safena hutokeza karibu na goti kati ya sartori na grasilisi, yaani palepale kano zinapochunwa, na matawi yake yanaweza kujeruhiwa.

Grasilisi ina historia ndefu mikononi mwa wapasuaji, maana ukiuondoa, aduktori zinazobaki zinaendelea kubana mapaja. Mwaka 1952 Pickrell alieleza namna ya kuuzungushia njia ya haja kubwa kwa watoto wasioweza kujizuia. Mwaka 1976 Harii na wenzake wa Japani waliupeleka usoni kwa waliopooza uso, wakiunganisha upya mishipa ya damu na neva. Siku hizi hupelekwa hata mkononi, kukunja kiwiko kwa mtu ambaye neva za bega ziling'oka kwenye ajali ya pikipiki, ajali ambazo katika mji huu wa bodaboda hazihitaji maelezo. Huko msuli huenda mzima pamoja na ateri yake, ambayo huingia sentimita 8 hadi 10 hivi chini ya mfupa wa kinena. Kwenye ACL kinachotakiwa ni kano tu.

Sifa hiyo ya "hauna hasara ukitolewa" imewafanya wengi, na madaktari wamo, kuutoa bila kuuliza mara mbili. Hasara ipo. Iko mahali finyu, na kama kazi yako iko mahali hapo finyu utaihisi.

Chaguo la kwanza: semitendinosi, pamoja na grasilisi au bila

*Inapotoka.* Mkato wa sentimita 3 hivi juu ya ugoko upande wa ndani. Daktari hufungua utando wa sartori, hukuta kamba ya juu, grasilisi, na ya chini, semitendinosi. Semitendinosi hushikwa na mikanda midogo inayoiunganisha na msuli wa shavu la mguu. Mikanda isipokatwa yote, kifaa cha kuchunia huacha njia na kano hukatika fupi. Kano mbili zikikunjwa huwa nyuzi nne. Maabara zilipozivuta, nyuzi nne zilistahimili takriban niutoni (kipimo cha nguvu) 4,090, na ACL ya asili ya kijana takriban 2,160. Hizo ndizo namba utakazotajiwa na mpasuaji. Mimi natajia namba nyingine: milimita 8. Kipandikizi chembamba kuliko hapo, hasa kwa aliye chini ya miaka 20, kina hatari zaidi ya kukatika. Watu wenye miili midogo, wanawake wengi wakiwamo, wana kano nyembamba. MRI uliyokwisha kupigwa inaweza kumsaidia daktari kukadiria unene, na inafaa umwulize kabla ya siku ya upasuaji kuliko kuletewa habari baadaye.

Upungufu wake ni wa kukunja goti kwa nguvu zako mwenyewe likiwa limekunjika sana, na wa kuzungusha ugoko kwa ndani. Kwa watu wengi kano huota tena kwa kiasi, mara nyingi ikishika juu zaidi ya pale pa kwanza, lakini nguvu hairudi yote. Pia kuna kiraka cha ganzi kwenye ugoko kwa ndani, kutokana na safena. Hupungua, kwa baadhi hubaki.

Kama semitendinosi ni ndefu ya kutosha, daktari anaweza kuikunja mara nne peke yake na kuiacha grasilisi mahali pake. Binafsi naipenda njia hii kwa yeyote anayetumia paja la ndani kazini. Mgema anayepanda mnazi akibana shina kwa miguu yote miwili, mwogeleaji wa mtindo wa chura, mwanamieleka na mtu wa judo: hawa grasilisi yao ina kazi ya kila siku. Mwulize daktari wako wazi: "Grasilisi nayo utaitoa, au utaanza na semitendinosi uone?"

*Kupiga magoti na kukaa chini.* Hapa chaguo hili linaongoza, na watu wengi hulielewa kinyume. Huogopa kwamba kwa kuwa nguvu ya kukunja imepungua, hawataweza kukaa tahiyatu. Ukikaa tahiyatu, au kwenye mbuzi kukuna nazi, au chooni cha kuchuchumaa, uzito wa mwili ndio unaokunja goti, misuli haivuti. Kinachohitajika ni goti lisilo gumu. Na mbele ya pia, pale panapogusa zulia, hapakukatwa kitu.

*Michezo.* Kano ndani ya tundu la mfupa huchukua wiki 8 hadi 12 kushikana nao, muda mrefu kuliko mfupa kwa mfupa. Kundi la watafiti la MOON, Marekani, liliwafuatilia wanamichezo wa miaka 14 hadi 22 na kukuta kwamba uwezekano wa kurudia upasuaji ulikuwa takriban mara mbili kwa waliotumia kano za hamstringi kuliko waliotumia ya chini ya pia. Kwa mtu wa miaka 35 anayecheza mara moja kwa wiki, tofauti hiyo si ya kumkosesha usingizi.

Jambo moja zaidi: kama ligamenti ya upande wa ndani wa goti nayo imechanika, kano hizi zinasaidia kulinda upande huo huo. Madaktari wengi hapo huzikwepa.

*Mazoezi.* Mwanzo ni mwepesi, misuli ya mbele huamka mapema. Hatari iko nyuma ya paja wiki za kwanza. Mtu anavua kiatu kwa kukikokota na mguu mwingine, mara anasikia "tap" nyuma ya paja, anadhani ACL mpya imekatika. Mara nyingi ni pale kano ilipochunwa. Hupoa, lakini usijaribu kukunja goti kwa uzito kabla hujaruhusiwa.

*Linamfaa* anayepiga magoti sana, fundi wa vigae, mwenye maumivu ya zamani mbele ya goti, mtu mzima wa michezo ya starehe. *Halimfai sana* mkimbiaji wa mbio fupi, au winga ambaye hamstringi zimeshamvunja moyo mara kwa mara.

Chaguo la pili: kano ya chini ya pia

*Inapotoka.* Kati ya pia ya goti na ugoko. Daktari huchukua theluthi ya katikati, upana wa milimita 10 hivi, pamoja na kipande cha mfupa kila ncha. Maabara imeipa niutoni 2,977. Mifupa hiyo ya ncha ndiyo siri yake: mfupa hushikana na mfupa kwa wiki 6 hivi. Paja la ndani na la nyuma halikuguswa kabisa.

Upungufu uko mbele. Misuli ya kwadrisepsi, yaani ya mbele ya paja, husinyaa na kusinzia, goti linaweza kugoma kunyooka hatua ya mwisho, na kiraka cha ganzi hutokea mbele ya goti kuelekea nje kwa sababu tawi la safena hukatiza hapo. Pia ya goti kuvunjika hutokea mara chache sana, lakini utasainishwa karatasi inayotaja hilo, usishtuke.

*Kupiga magoti.* Huku ndiko watu wa mji huu wanakotakiwa kusimama na kufikiri. Maumivu ya kupiga magoti ndiyo lalamiko linalojulikana zaidi la kano hii, na kwa wengine hudumu miaka. Kusujudu juu ya zulia nene la msikiti na kusujudu juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji ni mambo mawili. Ruhusa ya kusali kwenye kiti kwa mwenye udhuru ipo na haina ubishi, ila kijana wa miaka 24 hataki kuipanga iwe ya maisha. Mkatoliki anayepiga magoti kanisani naye atazame mto wake. Na fundi wa vigae kwangu hahitaji kusoma zaidi ya hapa.

*Michezo.* Ndipo inapong'aa. Rejista za nchi za Skandinavia zimekuwa zikionyesha kwa kipindi kirefu kwamba wanaorudia upasuaji ni wachache kidogo kwa kano hii kuliko kwa hamstringi. Pengo ni dogo kwa jumla, kubwa zaidi kwa vijana wa michezo ya kugeuka.

*Mazoezi.* Yanachosha mwanzoni. Kunyoosha goti hadi mwisho ndiyo kazi ya wiki za kwanza, na asiyekuja fizio atalipia. Kama unakaa Likoni na kliniki iko kisiwani, na huna wa kukuvusha ukiwa na magongo, liweke hilo kwenye hesabu kabla ya kuchagua.

*Linamfaa* mchezaji kijana wa ushindani, soka au raga, anayetegemea hamstringi kwa mbio. *Halimfai* mtoto ambaye mifupa bado inakua, maana kipande cha mfupa hakiwekwi kupita sahani ya ukuaji (sehemu ya gegedu ambayo mfupa hurefukia), wala mwenye historia ya maumivu ya kano hiyo hiyo.

Chaguo la tatu: kano ya juu ya pia

Kano ya kwadrisepsi ni nene, hivyo shida ya wembamba haipo sana. Huchukuliwa ikiwa na kipande cha mfupa au bila. Bila mfupa, hutumika hata kwa vijana ambao hawajamaliza kukua.

Kupiga magoti huwa afadhali kuliko ile ya chini, maana kovu liko juu ya pale panapogusa sakafu, na ganzi ya ngozi ni kidogo. Paja la ndani limebaki zima. Inachoacha ni udhaifu wa kwadrisepsi, mara nyingine kwa muda mrefu, na utauhisi kwenye kushuka ngazi na kwenye kuinuka kutoka chini kuliko kwenye kukaa.

Kwa kudumu, habari zake ni changa. Rejista ya Denmark mwanzoni ilikuta waliorudia upasuaji ni wengi kuliko kwa kano nyingine mbili. Ilipochambuliwa tena, tofauti ilionekana kufuata zaidi wingi wa upasuaji wa aina hiyo kwenye hospitali husika: wanaoifanya sana walipata matokeo mazuri. Hapo ndipo penye uamuzi wa Mombasa. Kama daktari wako anaifanya mara kwa mara, ni chaguo zuri sana, hata kwa mchezaji anayesujudu. Kama anakwambia angependa kuijaribu, mwombe afanye ile aliyoizoea.

*Linamfaa* anayetaka kuepuka hasara za pande zote mbili na ana daktari mzoefu. Pia anayerudia upasuaji baada ya kipandikizi cha hamstringi kukatika.

Utasikia pia habari za kano ya kando ya kifundo cha mguu na kano za marehemu. Ya kwanza inazidi kutumika, hasa goti likiwa limeharibika ligamenti nyingi. Za marehemu hukatika zaidi kwa vijana wanamichezo, basi kwao hata zikipatikana si za kukimbilia.

Kisichobadilika uchague ipi

Miezi 9. Utafiti wa Grindem na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban asilimia 51. Ngozi ikishapona vizuri na daktari akikuruhusu, kutembea kwenye maji ya bahari yenye kina cha kiuno ni zoezi la bure ambalo watu wa bara wanatuonea wivu. Lakini ligi ya mtaani isikuite mwezi wa 5 kwa sababu timu imekosa beki.

Ukiwa katika hali hii

Una miaka 19, unacheza ligi, unataka kusajiliwa, na kupiga magoti kwako si kazi: chini ya pia ndiyo ya kuzungumza kwanza. Ukiwa huyo huyo na unasali msikitini kila siku, weka ya juu ya pia mezani kama daktari ni mzoefu, au ya paja la ndani ikiwa vipimo vinaonyesha itafika milimita 8. Maumivu ya sijida na hatari ya kurudia upasuaji havipimwi kwa mizani moja, na wewe ndiye mwenye kujua kipi kitakuuma zaidi.

Una miaka 38, kazi yako ni ya sakafuni au unakaa chini sana nyumbani, na mpira ni wa Jumapili: semitendinosi, na uombe grasilisi iachwe kama inawezekana.

Mkimbiaji wa mbio fupi, au aliyechanika hamstringi zaidi ya mara moja: kaa mbali na chaguo la kwanza.

Mgema, mwogeleaji, mtu wa mieleka: grasilisi yako usiiachie kirahisi. Semitendinosi peke yake, au juu ya pia.

Goti lililochanika ACL pamoja na ligamenti ya ndani: kano za paja la ndani zibaki zilipo, mpaka daktari akupe sababu ya kukuridhisha.

Mzazi wa mtoto wa miaka 13: usikubali mpango wowote kabla hujaulizia sahani za ukuaji, na umwone daktari aliyewahi kupasua ACL za watoto hata kama ni lazima kupanda treni kwenda Nairobi.

Na ukiwa bado umekwama kati ya mbili, mwulize daktari maswali matatu: kwa mwaka unafanya ngapi za aina hii, kano ikitoka nyembamba au fupi mezani utafanya nini, na nani atanisimamia mazoezi hadi mwezi wa 9. Swali la pili lijibiwe kabla hujatia sahihi, maana ukishapigwa nusu kaputi hakuna atakayekuamsha kukuuliza kama achukue kano kutoka mahali pengine.